Miwani moja, watu wanne na bimu ya milimita 600

Kijana aliinama. Chumba kilikuwa kitupu, meza tumezisogeza ukutani, mbele yake hakuna kitu zaidi ya feni ya kwenye kona inayozunguka polepole, lakini yeye, na miwani ya VR usoni, ile inayokuonyesha jengo la kwenye kompyuta kama umesimama ndani yake, akakunja shingo ghafla na mkono wa kushoto ukapanda kukinga paji la uso kama mtu anayeingia banda la kuku. Wenzake wakacheka. Binti wa uinjinia, ambaye muda wote macho yalikuwa kwenye skrini ya laptopu, ndo wa kwanza kunyamaza, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo bimu ni yangu."

Nafundisha ubunifu wa majengo chuo kikuu hapa Dar, na nimeshasimamia stidio nyingi tu, ila sijawahi kumsikia mwanafunzi wa miundo akisema hivyo mbele ya akitekti bila kusukumwa na mtu. Kwahiyo naomba niielezee hiyo bimu, yaani boriti ya zege, vizuri, maana mambo yote ninayoyaamini kuhusu VR darasani yako humo.

Kazi ilikuwa maktaba ya kata, jengo la ghorofa moja. Grupu la watu wanne: mmoja akitekti, mmoja injinia wa miundo, mmoja QS (mkadiriaji wa vifaa na gharama), mmoja wa mifumo ya maji na umeme. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni milimita 3,000, ngazi inapanda moja kwa moja bila kupinda, vidato 20, kila kimoja milimita 150. Ukiangalia mchoro wa akitekti hiyo ngazi ni safi kabisa. Injinia naye ana mchoro wake, bimu ya kina cha milimita 600 ukijumlisha na slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, imekaa ukingoni mwa tundu la ngazi, hesabu zake nimezipitia mwenyewe na hazina kosa. Sasa piga hesabu hii: toa 600 kwenye 3,000, chini ya bimu inabaki 2,400 kutoka sakafu ya chini, lakini mtu anapofika chini ya hiyo bimu ameshapanda vidato vinne, yaani yuko juu kwa 600 tayari, kwahiyo juu ya nyayo zake imebaki 1,800. Kijana aliyevaa miwani ana urefu wa mita 1.83. Kawaida tunataka angalau mita 2 juu ya ngazi.

Kila mmoja kwenye karatasi yake alikuwa sahihi. Hilo ndo linaloniuma kwenye namna tunavyofundisha, kwamba unaweza kuwa na watu wanne waliosahihishiwa wote wakapata alama nzuri, na jengo likamgonga mtu kichwa.

Na sio kwamba tulikuwa hatuwafundishi kushirikiana. Tunawaweka kwenye magrupu tangu mwaka wa pili. Ila ushirikiano wenyewe ukiuchungulia ni kama mbio za kupokezana kijiti: akitekti anachora, anatuma PDF kwenye grupu la WhatsApp, injinia anaweka nguzo zake, anatuma, mtu wa mabomba anapitisha mabomba yake palipobaki, QS anapokea saa tano usiku kesho asubuhi ni presentesheni, anahesabu anachokiona, basi. Hawajawahi kukaa ndani ya jengo moja kwa wakati mmoja. Wanakuja kukutana saitini miaka mitano baadaye, pale fundi anaposhika tindo na nyundo kutoboa zege la jana ili bomba lipite, na kila tindo inayopigwa pale kuna mtu analipia.

Wenzetu walishaliona hili zamani. Pale Stanford, Marekani, tangu 1993 kuna kozi inayowaunganisha wanafunzi wa usanifu, uinjinia na usimamizi wa ujenzi kutoka vyuo mbalimbali kwenye timu moja na jengo moja. 1993! Kipindi hicho hakuna hata video ya kuongea ya maana. Na hii miwani yenyewe sio ya juzi kama wengi wanavyodhani, Ivan Sutherland na wanafunzi wake walitengeneza ya kwanza kabisa ya aina hii 1968, nzito kiasi kwamba ilibidi ining'inizwe kutoka darini. Kilichobadilika kwetu ni bei. Miwani ya Quest 2 ilipotoka 2020 ilikuwa inauzwa dola 299 na haihitaji kompyuta pembeni, na zilipoanza kuonekana used mtaani ndo na mimi nikajikusanya.

Sasa niseme ukweli jinsi nilivyoanza, kwasababu nilianza vibaya.

Muhula wa kwanza nilikuwa na miwani minne. Miwili yangu, miwili ya kuazima. Nikafurahi sana, nikajiambia kila mwanafunzi na yake, wote wanne wanaingia kwenye jengo lao kwa pamoja wanaonana humo humo, si ndo ushirikiano wenyewe huo? Wakaingia. Mmoja akapanda juu ya paa. Mwingine akawa anazunguka nje anatafuta kivuli kinaangukia wapi. Wa tatu yuko chooni, anajaribu kufungua mlango ambao haukutengenezwa kufunguka. Robo saa nzima hakuna aliyemuuliza mwenzake swali lolote la maana. Walivyovua nikawauliza mmeona nini, nikapata majibu manne ya majengo manne. Na mimi niliyesimama nje ndo kabisa, nilikuwa naangalia watoto wanne wanapapasa hewa, sijui nani yuko wapi, sina hata pa kuanzia kusahihisha.

Alafu kabla ya kufika huko ndani ya jengo kuna kazi ya mafaili, na hii hakuna anayekuambia. Mara ya kwanza tulipounganisha modeli za grupu moja, kuta zilikuwa pale zinapotakiwa na nguzo zote za injinia zimesimama nje kwenye majani, mita kama 40 kutoka kwenye jengo, zimejipanga vizuri kabisa kama jeshi. Kila mtu alikuwa ameanzia nukta sifuri yake. Grupu lingine modeli ilikuwa kwa futi programu ikaisoma kama mita, kwahiyo kila kitu kikawa kikubwa mara 3.28, mwanafunzi kasimama mbele ya mlango kitasa kiko juu ya kichwa chake. Nilitaka kurekebisha mwenyewe usiku ili tusipoteze muda, nashukuru sikufanya hivyo. Niliwarudishia. Wakakaa wakakubaliana sifuri iwe kona ipi ya jengo, vipimo ni milimita, sakafu ya chini itaitwa jina gani kwenye mafaili ya wote, na nani anaruhusiwa kuisogeza gridi ya nguzo. Kwa maoni yangu hicho kikao cha dakika 40, hata kabla mtu hajavaa kitu usoni, kilikuwa na thamani kuliko mihadhara yangu mitatu ya uratibu wa michoro. Walikuwa wanaongea lugha ya kazi bila kujua.

Muhula wa pili ile miwili ya kuazima ikarudi kwa wenyewe. Katika miwili yangu mmoja ukaachwa juu ya meza karibu na dirisha, lenzi zimeangalia nje, jua la asubuhi likaingia kwenye lenzi kama unavyowasha karatasi kwa kioo cha kukuzia, na skrini ya ndani ikaungua, ikabaki na doa la njano katikati ambalo halitoki. Iliniuma sana. Kama unayo hii miwani ichukue hii kwa uzito, usiiache hata dakika tano inaangaliana na jua, ifunike na kitambaa, ndani ya begi, popote.

Nikabaki na mmoja. Wanafunzi 16, makundi manne, miwani mmoja. Niliona kama kozi imekufa.

Kumbe ndo ilikuwa inaanza. Kwasababu ukiwa na mmoja ilibidi picha anayoiona mvaaji tuirushe kwenye projekta ili wengine wasikae bure, na hapo kila kitu kikageuka. Mvaaji anaona jengo kwa ukubwa wake halisi lakini haoni mchoro, haoni hesabu, haoni hata kalamu yake. Wenzake wanaona michoro yote mezani lakini hawawezi kugeuza kichwa mpaka wamwombe yeye ageuze. Lazima waongee! "Geuka kulia. Hapana, kulia kwako. Angalia juu, hapo pana upana gani?" Na yeye anawajibu kwa mwili, anasema hapa nabanwa, hapa naogopa, hapa nahisi niko darini. Wanabadilishana kila dakika saba, na nimeweka sharti moja tu, hakuna kuvaa ukiwa kwenye sehemu yako mwenyewe. Injinia anatembea kwenye vyumba vya akitekti, akitekti anapanda kwenye chumba cha matenki ya maji, QS anaenda kusimama kwenye ile kona ya ukumbi ambayo yeye aliihesabu kama mita za mraba tu.

Baadaye nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisoma nikiwa mwanafunzi, kuhusu CAVE, chumba cha VR kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Illinois pale Chicago na kuonyeshwa 1992. Kuta zake zenyewe ndo skrini, mnaingia watu kadhaa kwa pamoja, lakini kichwa kinachofuatiliwa na kompyuta ni cha mtu mmoja, wengine wote mnaona kutokea kwa macho yake. Wakati nasoma niliona ni upungufu wa mashine. Siku hizi siamini hivyo.

Mtu aliyenithibitishia ni fundi mkuu mmoja kutoka saiti ya jirani na chuo, mzee wa miaka sitini na kitu, nilimwomba aje siku moja kabla hawajafunga michoro. Vijana wote wakasimama, "Shikamoo mzee," "Marahaba wanangu, hamjambo?" Nikamkaribisha avae, akakataa kwa heshima kabisa, akasema macho yake hayo mambo hayataki, apewe kiti tu. Akakaa mbele ya ukuta wa projekta, mikono juu ya magoti, akaanza kumwongoza kijana aliyevaa. "Nenda mbele. Simama. Angalia juu, pale bimu mbili zinapokutana na nguzo. Sogea, sogea tena." Kimya. "Injinia ni nani hapa?" Binti akanyoosha mkono. "Mwanangu, hapo umeweka nondo ngapi?" Binti akataja. Mzee akaunganisha vidole vya mkono mmoja na vya mwingine, akavibana, akamwonyesha. "Zege litapita wapi? Vaibreta ya kushindilia zege nitaichomeka wapi?" Alafu akamgeukia wa mabomba, akamuuliza siku valvu ya tenki ikiharibika yule fundi wa kuibadilisha atapanda kwa ngazi ipi, kwasababu yeye ameangalia haioni. Ilikuwa haipo.

Saa moja na nusu mzee alikaa pale. Alichowapa vijana wale hakuna kitabu kingewapa, na angekuja na akakuta tumewavalisha wote miwani asingekuwa na wa kuongea naye.

Ila kitu kilichonigusa zaidi kilikuwa kidogo. Maktaba ina kona ya watoto. Mwanafunzi wa QS, dada mmoja mpole haongei sana, zamu yake ilipofika akatembea mpaka kwenye hiyo kona, akasimama, akaangalia, akasema pazuri. Alafu bila kuambiwa na mtu akapiga magoti. Pale pale kwenye sakafu ya darasa, na gauni lake. Kwenye projekta dirisha likapanda juu likapotea, ukuta ukajaa. Akakaa hivyo muda kidogo anageuza kichwa huku na huku, akasema, "Madam, mtoto haoni nje." Kizingiti cha dirisha kilikuwa milimita 1,050 kutoka sakafuni, kama madirisha mengine yote ya jengo, akitekti alikopi tu na kupesti. Wakakishusha hadi 600 sehemu ile. Wiki iliyofuata grupu lingine nikawakuta wanasukumana kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, aliyekaa ndo kavaa miwani, wanajaribu kaunta ya mapokezi kwa macho ya mtu wa kiti mwendo. Sikuwafundisha hilo, walimwona yule dada.

Kuna mambo miwani haiwezi, na hapa lazima niwe mkali kidogo, kwasababu nimeona watu wanaiuza kama inafanya kila kitu. Humo ndani hakuna jasho. Grupu moja walitengeneza ukumbi wa kusomea wenye kioo kuanzia chini hadi juu, upande wa magharibi, na ukivaa saa ya jioni ile miale inaingia ya dhahabu, kila aliyevaa alikuwa anatoa sauti ya kupendezwa, hata mimi. Kijana wa mifumo akawa anabisha peke yake kwamba hapo AC haitatosha, hakuna anayemsikiliza maana picha ni nzuri. Nikawatoa wote nje saa kumi jioni, nyuma ya jengo letu, ukuta wa magharibi, nikawaambia wekeni viganja. Hakuna aliyekaa nao pale. Tukarudi ndani hatujabishana tena, wakaanza kuongelea vibaraza na louva za kukata jua. Uzito nao haupo, bimu ya tani kadhaa ndani ya miwani inaelea tu kama picha, unaweza kuifuta kwa kidole, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akizoea hivyo ni hatari. Kwahiyo wangu wa mwaka wa kwanza hawagusi VR kabla hawajabeba ndoo ya zege saitini.

Kichefuchefu nacho kipo, tena kwa wengine ni kikali. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, mwili unagombana wenyewe. Ndo maana kwetu hakuna kuteleza kwa kile kijiti cha kontrola, unaelekeza unapotaka kwenda unatokea hapo, alafu hatua ndogo ndogo unapiga kwa miguu yako mwenyewe. Mtu akianza kutoka jasho jembamba usoni anavua hapo hapo, hakuna kusukumana. Betri inakaa kama saa mbili hivi, kwahiyo umeme ukikatika asubuhi ratiba yote imehama, powabenki kubwa sio anasa. Na mikanda ya ile miwani, nadhani waliobuni hawakumfikiria dada mwenye rasta alizozifunga utosini, haikai, inabidi afungue azishushe nyuma ya shingo kwanza. Wa hijabu wanavaa juu ya hijabu na inakaa vizuri, ila tunaweka kitambaa safi cha kila mtu usoni na sponji tunaifuta, joto la hapa watu kumi na sita kwenye sponji moja hapana.

Kusahihisha nilibadilisha kabisa. Kila grupu lina daftari, la karatasi, na kila zamu ya dakika saba ikiisha asiyevaa anaandika kimeonekana nini, nani alipinga, wameamua nini na nani anabeba. Alama za ushirikiano zinatoka humo, sio kwenye picha nzuri. Nikisoma daftari naona mpaka pale walipogombana, kuna ukurasa mmoja umeandikwa tu "tumeahirisha, watu wana hasira".

Ukurasa huo ni wa bimu ile. Maana baada ya binti kusema ni yake mambo hayakuisha, ndo yakaanza. Akitekti akamwambia basi ipunguze. Akajibu haipunguziki, na akaeleza kwanini, na ile ndo ilikuwa mara ya kwanza akitekti anasikia sababu: kwasababu nyie mmepanga makabati yote ya vitabu juu. Vitabu ni vizito kuliko watu. Kwa kiwango cha Uingereza tulichokuwa tunakitumia darasani, BS 6399, chumba cha makabati ya vitabu unahesabu uzito wa kilonyutoni 2.4 kwa mita ya mraba kwa kila mita ya kabati kwenda juu, na hauruhusiwi kushuka chini ya 6.5, wakati sakafu ya nyumba ya kuishi ni 1.5. Mara nne na zaidi. Akitekti alikuwa ameweka vitabu juu kwasababu kule ni kimya, hakuwahi kufikiria kwamba uamuzi wa kabati unakuja kumgonga mtu kwenye ngazi.

Siku mbili wakawa hawasalimiani vizuri. QS ndo aliyewarudisha, alikuja na karatasi moja tu, amehesabu zege na nondo za ghorofa ya juu kwa njia mbili, vitabu vikiwa juu na vikiwa chini, akaiweka mezani bila maneno mengi. Vitabu vikashuka chini, kwenye sakafu inayolala juu ya udongo. Wasomaji wakapanda juu kwenye upepo, na ukimya waliupata kwa kuhamisha ukumbi wa mikutano upande wa pili. Bimu ikatoka 600 ikawa 450, tundu la ngazi likaongezwa kwa hatua moja, kwahiyo unapofika chini ya bimu umepanda vidato vitatu badala ya vinne. Hesabu imeandikwa kwenye daftari kwa mwandiko wa akitekti: 3,000 toa 450 toa 450, 2,100.

Siku ya presentesheni ya mwisho yule kijana mrefu akaomba avae yeye. Akajitupa hadi mwanzo wa ngazi, akapanda kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Pale akasimama. Shingo ilikuwa imeshaanza kukunjika yenyewe, mwili unakumbuka. Akanyooka taratibu, akainua mkono juu ya kichwa akapapasa hewa, akauliza, "Injinia, iko wapi?" Binti akamjibu kutoka kwenye laptopu, "Iko hapo juu. Pita."